Mstari Ukutani

Maji yameondoka, mstari umebaki.
Umepita nyuma ya kabati, umekikata kioo,
umezunguka chumba cha watoto bila kupanda wala kushuka,
umenyooka kuliko fundi yeyote aliyewahi kunijengea.

Siku ya tisa wamekuja na futikamba.
Kijana wa kamati, mabuti mapya ya mpira,
mabuti ya mtu asiyekuwepo usiku ule,
akauliza, "Maji yalifika wapi?"
Nikamwonesha.
Akapima, akaandika, akafunika kalamu:
"Sentimita tisini na mbili.
Fidia inaanzia mita moja."

Nje, Ussi wa genge anasema yalimfika shingoni.
Mize anasema yalipita mlango.
Kwa Bi Kazija hakuulizwa mtu:
godoro lake lilikuwa juu ya bati, linakauka,
na mwenyewe alikwishazikwa Jumamosi.

Kimbunga kina jina. Redioni wanalitaja
kama jina la mgeni wa arusi.
Aliyeziba mtaro hana jina.
Manispaa wanasema ni watu wa barabara,
watu wa barabara wanasema ni mkandarasi,
mkandarasi simu yake haipatikani,
na sheha, kwenye maikrofoni ya kukodi, anasema ni sisi:
tunatupa pampasi mtaroni,
tumejenga kwenye njia ya maji.
"Maji hayana makosa," kasema. "Yamerudi kwao."
Watu wakaguna. Mmoja akarusha kandambili,
moja tu, ya kushoto;
ya kulia ilikwenda na hayo yaliyorudi kwao.

Mtaro wenyewe nimeuona ukizinduliwa mara mbili.
Mara ya kwanza kwa utepe na pilau,
mara ya pili kwa utepe uleule na soda.
Urefu wake ni kutoka kwenye kibao cha mradi
mpaka pale kamera ilipoishia.

Wala nisijitakase.
Jina lilitwambia mapema: Kidimbwini.
Marehemu mume wangu alipokilipia kiwanja hiki
palikuwa na vyura na magugu,
na watoto wakivua perege kwa chandarua kibovu.
Tulimwaga kifusi, gari kumi na nne.
Nikauliza, "Na maji yatakwenda wapi?"
Akacheka. "Yatajijua."

Hati ninayo. Imelowa, wino umekimbia,
lakini muhuri umekataa kufutika,
na saini iliyo chini ya muhuri
ni ya huyuhuyu aliyeshika maikrofoni.
Nilikwenda nayo mkutanoni ndani ya mfuko wa sukari.
Nikanyoosha mkono, nikaunyoosha mpaka ukafa ganzi.
Nafasi wakampa mwenye shukrani.

Tukagawiwa mchele, kilo mbili, na mshumaa,
na picha ya mtoaji, pana kuliko mchele.

Jana wamekuja vijana na ndoo za chokaa.
Kuna mgeni atatutembelea,
mtaa upakwe, usije ukamtia huzuni.
Wamepaka kwa Ussi, wamepaka kwa Mize,
wamepaka hata kwa Bi Kazija, na mlango una kufuli.
Mimi nilikaa kizingitini na ungo wa choroko,
nachagua mawe.
"Mama, tupishe, ni amri."
"Kapimeni tena kwanza," nikasema,
"mimi mmeniacha na deni la sentimita nane."
Mmoja wao alicheka. Mwenziwe akamkanyaga mguu.
Wakaenda nyumba ya pili.

Leo alfajiri Ussi kanigongea dirisha, nikatazame.
Mstari umetokeza chini ya chokaa yake,
rangi ya chai ya maziwa,
kwanza kwenye pembe, kisha ukuta mzima.
Tumesimama tunautazama, hatukusema neno.

Upande wa Bububu kumefunga, kweusi.
Nimerudi ndani.
Nimepandisha sukari rafu ya juu,
na juu ya sukari, hati.